Paka anaharisha toka aanze chakula cha dukani, kosa ni la chakula?

Swali limetoka kwa dada mmoja wa Gungu hapa Kigoma, nalifupisha maana alinitumia sauti nne ndefu:

"Shikamoo daktari. Nina paka wangu dume anaitwa Mawese kwa sababu ya rangi yake, ana miaka miwili. Toka mdogo anakula dagaa na ugali, jioni namwekea na maziwa kidogo. Dagaa walipopanda bei nikaona bora nimchukulie chakula cha paka cha dukani, vile vibiskuti, napimiwa kwa kilo kutoka kwenye gunia. Alivipenda mno, siku ya kwanza alimaliza bakuli zima. Sasa hii wiki ya tatu anatapika, mara nyingine vinatoka vizima, na anaharisha kinyesi kama uji, harufu yake balaa. Jirani anasema hicho chakula kina kemikali kitamuua. Nilimpa nusu kidonge cha Flagyl akatoa mapovu mdomoni mpaka nikaogopa. Je, ni chakula? Nimrudishe kwenye dagaa?"

Marahaba dada yangu, na pole, maana kufuta matapishi ya paka alfajiri hata mswaki hujapiga najua ilivyo. Jibu fupi ni ndio, chakula kinaweza kumsumbua paka tumbo na kwa Mawese naona kabisa kina mkono wake. Ila hapo ukisema "chakula" umetaja vitu vingi kwa mpigo: kuna kilivyotengenezwa kiwandani, kuna ulivyombadilishia, kuna kiasi unachompa, kuna hilo gunia limekaa wapi na kwa muda gani, alafu kuna vile anavyokula pembeni ambavyo we huvihesabu. Kwa maelezo yako mi nashuku hivyo vingine vyote kabla sijafika kiwandani.

Tuanze na ile siku ya kwanza. Paka aliyekula dagaa miaka miwili tumbo lake limeshajipanga kwa dagaa, vimeng'enya na wale bakteria wa utumbo wamezoea mzigo huo, sasa ghafla unamletea kitu kikavu chenye nafaka, kuku wa kusagwa na mafuta yaliyonyunyizwa juu, tena bakuli zima. Ambacho hakijameng'enywa kinashuka mpaka utumbo mpana, bakteria wanakivamia, gesi inajaa, maji yanavutwa kuingia utumboni, na hapo ndio unapata huo uji wenye harufu. Chakula kinaweza kuwa kizuri kabisa na paka akaharisha bado. Ndio maana tunasema kubadilisha kuchukue siku 7 mpaka 10, siku mbili tatu za mwanzo robo ni kipya robo tatu ni kile cha zamani, alafu nusu kwa nusu, alafu robo tatu kwa robo, na ukiona kinyesi kimelegea unarudi hatua moja nyuma unasubiri.

Lakini kuharisha kwa kubadilishiwa chakula ghafla kwa kawaida kunatulia kwenyewe ndani ya siku chache. Wiki tatu ni nyingi. Kwahiyo kipo kitu kinaendelea kumchokoza kila siku, na hicho ndio tunakitafuta.

Kabla ya hapo niongelee matapishi kwanza, maana mtu akinipigia simu "daktari paka anatapika" cha kwanza namuuliza yametokaje, na wengi hawajui kwa sababu walifuta haraka wakamwaga. Yaangalie jamani, hayaumi. Kama vibiskuti vinatoka vizima dakika chache tu baada ya kula, havijalainika sana, vimeshikana kwa umbo refu kama soseji, na hakuhangaika kukamua tumbo, basi hapo mara nyingi havikufika hata mahali pa kumeng'enywa, alimeza mbio vikarudi. Kama anakamua tumbo, mbavu zinaenda juu chini, analamba midomo na kudondosha mate kabla, na kinachotoka ni majimaji ya njano au chakula kilichokwisha kuvunjika masaa kadhaa baadae, hilo ni tumbo lenyewe linalalamika. Nyumbani nina paka wawili na mmoja anakula kana kwamba anafukuzwa na polisi, alikuwa anatapika karibu kila asubuhi, mke wangu akasema tubadilishe chakula, tukabadilisha, akatapika kile kile kipya. Kilichomponya ni sinia. Namwagia vibiskuti vyake vimetawanyika kwenye sinia kubwa la bati, inabidi aokote kimoja kimoja, na yule mwenzake anakulia chumba kingine ili asiwe anashindana. Toka hapo kutapika kumebaki kwa nadra sana, labda manyoya. Kwahiyo vile vinavyotoka vizima kwa Mawese sio lazima viwe na kesi moja na huko kuharisha, ni mambo mawili yamekutana kwa paka mmoja.

Kiasi sasa. Umesema ulimpima kwenye mizani ya kupimia dagaa akatoa kilo tatu na nusu (hiyo picha ya Mawese ndani ya kikapu kinaning'inia nimecheka peke yangu), basi paka wa uzito huo anayekaa ndani na kutembea tembea uani anahitaji kama kalori 200 kwa siku. Vibiskuti vingi vina kalori 350 mpaka 400 kwa gramu 100, kwahiyo unaongelea gramu 50 hadi 57 kwa siku nzima, sio kwa mlo. Nenda na kikombe chako dukani mwambie akupimie gramu 50 uone zinafika wapi, utashangaa, ni kiganja na kidogo. Bakuli zima la siku ya kwanza ilikuwa kama chakula cha siku tatu. Na ugali na dagaa hukuacha, nimekusikia kwenye sauti ya tatu unasema "na mabaki kidogo", na maziwa jioni yapo pale pale.

Hayo maziwa yaondoe leo. Paka mkubwa hahitaji maziwa, akishaachishwa kunyonya mwili wake unapunguza kile kimeng'enya cha kuvunja sukari ya maziwa, laktosi, hivyo kwa paka wengi yanapita moja kwa moja yanaenda kumharisha. Utaniambia mbona miaka miwili alikunywa salama, ni kweli, kidogo kwenye tumbo lenye afya linaweza kupita bila kelele, ila utumbo uliovimba kwa wiki tatu hauna uwezo hata wa kile kidogo. Na huku kwetu kuna ile imani kwamba maziwa yanakata sumu, paka akianza kutapika tu watu wanakimbilia maziwa. Hayakati sumu. Unaongeza kuharisha juu ya kuharisha.

Na vijiko vya mafuta ya mawese juu ya ugali je? Hukusema lakini mi ni mtu wa Kigoma, najua ugali wa paka wa hapa unavyolainishwa. Mafuta mengi kwenye tumbo linaloharisha ni kuchochea moto.

Sasa gunia, na hapa ndio moyo wangu ulipo. Mi sina tatizo na chakula cha dukani, kikiwa kizuri ni bora kuliko mlo wa wengi wa paka wetu. Tatizo langu ni "cha kupimiwa". Fikiria kimetoka wapi, kimeingia Dar, kimepakiwa kwenye lori au behewa kikatembea zaidi ya kilomita elfu moja kuja huku, kikashushwa kwenye joto, gunia likafunguliwa, na toka siku hiyo mdomo uko wazi, kila mteja anachota. Yale mafuta yaliyonyunyizwa juu yanakutana na hewa na joto yanaanza kuharibika. Masika hewa ina unyevu, vibiskuti vinanyonya, ukungu unaingia. Mwaka jana kuna mama aliniletea mfuko wa plastiki mweusi umefungwa fundo, paka wake wawili wote wanaharisha kwa pamoja, nilipofungua fundo harufu ikanipiga usoni, ile ya mafuta yaliyokaangiwa mihogo wiki nzima, na chini kabisa kulikuwa na vumbi la kijivu na vibiskuti vitatu vinne vimeshikana. Duka silitaji. Cha ajabu paka walikuwa bado wanakula, maana njaa ni njaa.

Ukungu sio jambo la kudharau, wengine tunakumbuka mwaka 2016 kule Dodoma na Manyara watu walikufa kwa sumukuvu iliyokuwa kwenye mahindi. Sumukuvu hiyo hiyo inaingia kwenye chakula cha wanyama kikitengenezwa kwa nafaka mbovu au kikihifadhiwa vibaya, inashambulia ini. Dalili zake za mwanzo ni hizi hizi unazozisema, kutapika, kukataa kula, kulegea, baadae ufizi na weupe wa macho unageuka njano. Sisemi Mawese ana hiyo, umesema anakula na anacheza, ila ndio maana sikuambii "mvumilie tu atazoea".

Lingine la gunia ni kwamba halina maandishi. Kwenye mfuko wenye lebo unaona ni cha paka au cha mbwa, cha mtoto au mkubwa, protini asilimia ngapi, kinaisha lini. Kwenye gunia unaambiwa "cha paka" na muuzaji ambaye pengine kaambiwa na aliyemuuzia. Mara kadhaa nimeletewa chakula cha mbwa kinauzwa kwa wenye paka, vipande vikubwa ambavyo paka hawezi hata kuvitafuna anavimeza tu. Kwa mlo mmoja hakimuui, ila akikaa nacho miezi kinamharibu polepole, kwa sababu mbwa anaweza kujitengenezea kirutubisho kinaitwa taurini na paka hawezi kujitengenezea ya kumtosha, lazima aipate kwenye nyama au samaki. Ikipungua macho yanakufa kwa nyuma na moyo unatanuka unakuwa legelege.

Na hapo nimpe jirani yako haki yake kidogo, sio kwamba viwanda havijawahi kukosea. Hiyo ya taurini ilijulikana vizuri mwaka 1987, watafiti wa Chuo Kikuu cha California kule Davis wakiongozwa na Paul Pion walionyesha kwamba paka waliokuwa na ugonjwa wa moyo kutanuka walikuwa na upungufu wa taurini, na paka hao walikuwa wanakula vyakula vya viwandani vinavyouzwa kihalali, ikabidi viwanda viongeze kiwango. Alafu 2007 ikatokea kubwa zaidi, Marekani na Kanada waliondoa sokoni vyakula vingi vya mbwa na paka baada ya kugundua gluteni ya ngano iliyotoka China ilikuwa imechanganywa na melamini, kitu cha kutengenezea plastiki, ili ikipimwa ionekane ina protini nyingi. Paka walikufa kwa figo, mawe madogo madogo yaliziba ndani ya figo. Kwahiyo mtu akisema chakula cha kiwandani kinaweza kuua sitamcheka. Ila angalia, kule paka walikataa chakula, wakanywa maji sana, wakakojoa sana, wakalegea, na waliugua wengi walioshiriki chakula kimoja. Ndio maana nakuomba umuulize muuzaji taratibu bila ugomvi, kuna wateja wengine wa gunia hilo wamelalamika? Paka watatu wa nyumba tatu tofauti wakiharisha kwa gunia moja, hapo hatuongelei tena tumbo la Mawese.

Kuna na mzio wa chakula wenyewe, watu siku hizi wanautaja sana. Upo, ila ni wachache kuliko wanavyodhani, na mara nyingi paka anapata mzio wa kitu alichokizoea kukila, kwa paka wanaotajwa zaidi ni ng'ombe, samaki na kuku. Unaweza kukuta mwenye mzio ni dagaa wako wa miaka miwili na sio vibiskuti. Mara nyingi unakuja na kujikuna kichwani na shingoni mpaka vidonda. Kipimo chake cha kuaminika ni kumlisha protini moja ambayo hajawahi kula, hiyo tu, bila mabaki na bila kuonjeshwa na watoto, kwa tumbo wiki 2 mpaka 4, kwa ngozi mpaka 8, akipona unamrudishia cha zamani uone kama tatizo linarudi. Tusianzie huko.

Umeuliza umrudishe kwenye dagaa. Najua bei ilivyokuwa, hata ile miezi mitatu ya 2024 Ziwa Tanganyika lilipofungwa toka Mei 15 mpaka Agosti 15 samaki wapumzike, paka wa mtaa huu walikonda kama wamefunga wao. Dagaa ni chakula kizuri cha paka, anakula mzima na mifupa yake na matumbo. Lakini dagaa nao wana kesi zao. Wa kuanikwa mchangani kule Kibirizi na Katonga wanakuja na mchanga, chukua kiganja kimoja loweka kwenye bakuli jeupe dakika kumi alafu angalia chini, hicho unachokiona ndio kinapita kwenye utumbo wa paka kila siku kama msasa. Wa kuanikwa kwenye chanja ni nafuu, ila wakiwa na chumvi nyingi nao wanamtesa. Waloweke, wasuuze mara mbili, wachemshe bila chumvi, bila kitunguu, kitunguu na kitunguu saumu vinavunja damu ya paka. Na ule mchuzi usimwage, taurini inatoka kwenye samaki inaingia kwenye maji, mpe na supu yake.

Wabichi kila siku hapana. Kuna samaki ambao wakiwa wabichi wana kimeng'enya kinachoua vitamini B1, paka akila hao tu kwa muda anaanza kutapika, anakataa kula, alafu kichwa kinainama kifuani, anayumba, anapata degedege. Moto unakiua hicho kimeng'enya, jua la kuanikia silitegemei kwa kazi hiyo. Na kuhusu ugali, ukiwa sehemu kubwa ya bakuli unamjaza tumbo tu, paka ni mla nyama kwelikweli, sio kama mbwa ambaye mnashirikiana naye makombo.

Sasa twende kwa washukiwa ambao sio chakula kabisa, maana nimeona paka wangapi wamebadilishiwa vyakula vinne wakati shida ilikuwa minyoo. Mawese ametolewa minyoo lini? Hukusema, na mtu asiposema huwa najua jibu. Minyoo ya duara inaleta kutapika na kuharisha, tegu wanakuja na viroboto, paka anajilamba anameza kiroboto mwenye tegu mchanga ndani yake, na utaviona vipande vyake vikavu kama punje za mchele kwenye manyoya ya mkia au pale anapolala. Dawa yenye praziquantel na pyrantel kwa uzito wake inatosha kwa hao. Kuna vijidudu vya giardia kutoka kwenye maji machafu, hiyo inataka kinyesi kiangaliwe kwa hadubini, na inaleta hasa huo uji wenye harufu ya kukimbiza watu. Kwa paka mtoto ambaye hajachanjwa kuna ule ugonjwa wa virusi tunauita panleukopenia, unaanza hivi hivi kama tumbo la chakula na siku mbili baadae amekufa, kwahiyo anayesoma hili ana kitoto kinatapika na kuharisha asifuate maelezo ya Mawese, akipeleke kwa daktari leo.

Kingine ambacho mwandishi wa huko mijini hawezi kukwambia ni uzi wa nyavu. Sisi watu wa ziwani tuna nyuzi za nailoni kila mahali, uani, kwenye taka, zimenuka samaki, paka anaanza kuchezea mwisho anameza. Uzi unakwama mara nyingi chini ya ulimi, upande wa pili unaendelea kushuka, utumbo unajikunja juu yake kama kitambaa kilichovutwa uzi, mpaka unakatika. Mfungue mdomo, sukuma kwa kidole gumba katikati ya taya kutoka nje chini ili ulimi unyanyuke, angalia chini yake. Ukiona uzi usivute, hata ukitokea nyuma matakoni usivute, unapasua utumbo. Mwache ulivyo mlete. Niliwahi kumpokea mmoja ana ndoano na kipande cha uzi kama shubiri, mwenyewe alikuwa anasema "tangu nimpe chakula cha kopo".

Flagyl sasa. Nilikuwa nasubiri nifike hapa. Yale mapovu hayakuwa sumu, ile dawa ni chungu na paka akionja uchungu anatoa mate kama sabuni, hapo ulibahatika. Lakini nusu kidonge cha mtu kwa paka wa kilo tatu na nusu ni mchezo wa hatari, kikizidi na kurudiwa kinagusa ubongo, anayumba kama mlevi, na tena inaua bakteria wazuri tunaowahitaji watulize tumbo. Usirudie mpaka tuwe na sababu. Na naomba sana, kwa sababu najua mkono ukishazoea droo ya dawa unaenda tu: Panadol usimpe hata robo. Paka hana uwezo wa kuitoa paracetamol mwilini, damu yake inageuka kahawia inashindwa kubeba hewa, uso unavimba, anakufa. Na dawa ya viroboto ya mbwa yenye permethrin usimpake.

Basi fanya hivi. Usimshindishe njaa. Kwa mbwa watu wanasema mnyime siku nzima tumbo lipumzike, kwa paka usithubutu, paka asipokula siku mbili tatu, hasa akiwa mnene, mafuta yanahamia kwenye ini linaziba, na hapo umetengeneza ugonjwa mkubwa kuliko uliokuwa nao. Kwa siku tatu mpe kuku wa kuchemsha bila chumvi bila ngozi, umemchambua, au mgebuka wa kuchemsha uliotolewa miba, kijiko kikubwa kimoja kimoja mara tano sita kwa siku, na supu yake ya vuguvugu pembeni. Hakuna kingine, na hapo kazi sio kwa paka, kazi ni kwa watoto na yule bibi anayemrushia vichwa vya samaki dirishani, waambie wote. Maji safi muda wote, vibiskuti vina maji asilimia 10 hivi wakati samaki wa kuchemsha ni kama robo tatu maji, paka aliyehamia kwenye vikavu bila kunywa vizuri figo na kibofu vitadai baadae.

Kinyesi kikishika umbo, mpe siku mbili zaidi, alafu nunua kifuko kidogo kilichofungwa kiwandani, chenye tarehe, cha kuku au cha samaki, na uanze robo kama nilivyosema juu, kwenye sinia. Sio cha gunia. Andika kwenye kalenda ya ukutani, alama moja kwa kutapika, nyingine kwa kuharisha. Akikaa salama wiki mbili tatu na cha kifuko, basi mwenye kosa alikuwa gunia, au ile haraka ya kumbadilishia, au maziwa, na hutakuwa na haja ya kujua ni yupi kati yao maana wote wameondoka. Akiharisha tena kwa cha kifuko hata ulivyoenda taratibu, rudi kwenye kuku mpaka atulie, jaribu tena mara ya pili. Akiharibika mara mbili kwa kile kile na kupona mara mbili bila hicho, hapo nakubaliana na wewe bila ubishi kwamba chakula hicho hakimfai, tutachagua kingine. Na asipopona hata kwenye kuku mtupu, acha kuwaza chakula, mlete.

Usisubiri siku tatu kama anatapika hata maji, kama kuna damu au kinyesi ni cheusi kama lami, ufizi umekuwa mweupe au wa njano, au ukimvuta ngozi ya mgongoni inabaki imesimama badala ya kurudi. Na kwa kuwa ni dume, ukimwona anachuchumaa anakamua anakamua na hakitoki kitu, watu wanasema kafunga choo, angalia kama anakojoa. Mkojo ukiziba kwa paka dume, siku mbili tu zinatosha kumuua.

Jumamosi ukija njoo na kinyesi cha asubuhi hiyo hiyo kwenye kikopo kisafi chenye kifuniko, cha jana usilete, na hicho chakula kilichobaki kwenye mfuko wake, hata kama ni vumbi tu la chini nataka nikinuse mwenyewe.